Dari ya Fuko

Fuko alikuwa shimoni na wanawe wachanga alipofika mlangoni Kakakuona, mkaguzi wa mashimo.

"Dari yako ina mchanga mchanganyiko, mama. Sheria inataka punje kubwa tupu. Ibomoe."

Fuko akawavuta wanawe karibu. "Bwana Mkaguzi, punje ndogo ndizo zinazojaza mianya. Ukiziondoa, dari itatuangukia."

"Nimepima. Nilijaza punje kubwa kwenye kibuyu, na hazikumwagika."

"Zilishikwa na kibuyu, bwana."

Mara ardhi ikatikisika. Tembo walikuwa wakipita juu. Ofisi ya Kakakuona pale jirani, iliyojengwa kisheria, ikaporomoka kama mtama kwenye gunia lililotoboka. Kakakuona akajitosa shimoni, akajiviringisha katikati ya watoto.

Fuko akanong'ona, "Niibomoe sasa, bwana?"

"Subiri," magamba yakajibu. "Bado nakagua."