Kibodi ya Katoni

Kompyuta ya kwanza ilikuwa imefika chuoni, pale mtaani Manika. Fidélie akaweka vidole kwenye kibodi yake, akafumba macho, akaandika jina lake bila kusita. Mwaka mzima wa masomo ya biashara yeye na wenzake walikuwa wamejifunza hivyo, juu ya kibodi iliyochorwa kwa makaa kwenye katoni.

Alipofumbua macho, kioo kilikuwa kitupu.

"Tata, haiandike hata kitu moja," akamwambia mwalimu.

Mwalimu akainama, akagusa kitufe kwa wepesi, kama anayepapasa katoni. Kioo kitupu vilevile.

Fidélie akajiuliza chini ya kitufe kuna nini, akakididimiza. Kikazama, kikalia, kikarudi juu chenyewe. Herufi F ikatokea.

Darasa likashangilia. Mwalimu akavuta kiti, akaketi karibu naye.

"Mama," akanong'ona, "unionyeshe na mi."