Mguu Wako, Mdomo Wangu

“Mlima Mwangea mie naupanda nimefumba macho,” Msellem alijigamba garini asubuhi ile, hata Malindi haijawapotea nyuma. Ilipotimu saa tano alikuwa ameyafumbua yote mawili, tena kayakodoa, na bado hakujua alipo.

Nyuma yake walihema Waitaliano watano. Mmoja, jibaba lenye kaptura, alikuwa amejipitisha kwenye upupu na sasa anajikuna kama aliyekalia siafu. Wa mwisho alikuwa Bi Sharda, mwenye ofisi ya safari, raba miguuni na mwavuli mkononi. Hakuja kutembea huyu, alikuja kutazama. Mwezi ujao angeajiri mwongozaji wa mlimani, wa kudumu, mwenye kofia ya ofisi na jina lake kifuani. Mmoja tu.

“Msellem, mti huu tumeshaupita.”

“Imefanana tu, Bi Sharda. Miti ya huku ni ya ukoo mmoja.”

Bi Sharda hakucheka.

Tangu mwaka wa themanini na nne kazi hii waliifanya wawili. Mwambire, Mgiriama aliyezaliwa papo hapo chini ya mlima, alitangulia na panga. Msellem, mtoto wa mtaa wa Barani mjini Malindi, aliyeokota Kiitaliano chake ufukweni, alifuata na maneno. Mgeni akiuliza jina la ndege, Mwambire hulitaja. Msellem hulipeleka Kiitaliano na kuliongezea chumvi hadi ndege mwenyewe asijitambue. “Mguu wako, mdomo wangu,” walipeana mikono siku ya kwanza.

Leo mguu haukuja.

“Kikulacho ki nguoni mwako,” alisema Msellem, akikata kijiti ambacho hakikuwa na haja ya kukatwa. Alikuwa ameanza kulalamika tangu garini, na kwa kulirudia rudia neno hilo, machungu yenyewe yakawa yamempanda kwelikweli. “Sahibu yangu, Bi Sharda! Tumekula sahani moja. Kasikia nafasi ni moja, kaniacha niaibike mbele yako.”

“Labda hakuelewa siku.”

“Nilimwambia Ijumaa, kwa kinywa changu. Lakini ngoja, utamsikia. Atakuja kusema alisikia jumwa.”

“Jumwa ndiyo nini?”

“Juma la Wagiriama ni la siku nne. Ya nne ndiyo jumwa: jembe hulala, watu huenda sokoni. Na jumwa yenyewe ni Jumapili. Sasa wewe subiri. Jumapili atakutokea na uso mkavu: ‘Bi, sikio limeniponza.’ Ijumaa, jumwa! Kisingizio kizuri hicho, kama kimeshonwa na fundi.”

Bi Sharda alitikisa kichwa polepole. Huruma ilianza kumwingia. Asubuhi, Msellem alipokataa kuanzia pale pa siku zote, nyumbani kwa kina Mwambire, alimwelewa mara moja. “Siwezi kukanyaga uwanja wa mtu aliyenitupa,” Msellem alisema, na gari likazungushwa hadi upande wa pili wa mlima, penye njia ya mkato. Huko mashamba yalikuwa matupu, hapana jembe lililoinuka. Ni wanawake tu waliopita na vikapu vichwani, wamejipamba.

“Hawa hawalimi?” mgeni mmoja alikuwa ameuliza.

“Jua,” Msellem alimjibu, akionyesha juu.

Njia ya mkato iliwakata kweli. Sasa maji yalikwisha, jibaba lilikuwa limevua shati, na mti ule wa ukoo mmoja ulikuwa umesimama mbele yao kwa mara ya tatu.

Ndipo waliposikia panga. Kwa! Kwa! Kichaka kikafunguka, akatokea Mwambire, jasho linamchuruzika, kibuyu cha maji begani, kapu la mihogo ya kuchemsha mkononi. Hakusalimu kwanza. Alimwendea jibaba akamshika mikono asiendelee kujikuna, ndipo akageuka.

“Hujambo, bi? Nimesikia kelele zenu tangu kule. Huku ni njia ya nguruwe, si ya watu.”

Msellem aliwahi. “Kumbe upo! Wageni wanakufa kiu, nawe umelala!”

“Nilale? Nimewangoja uwanjani kwetu tangu alfajiri. Mama kachemsha sufuria zima.”

Bi Sharda alikunja mwavuli wake. “Mwambire, ulijua kuwa safari ni leo?”

“Nilijua, bi.”

“Nani alikwambia?”

“Nani mwingine? Huyu sahibu yangu.”

“Si nilisema!” Msellem alipiga makofi, akawageukia Waitaliano kana kwamba nao walikuwa baraza la hukumu. “Bi Sharda, umesikia kwa masikio yako! Nilimwambia Ijumaa!”

Mwambire alicheka. Alishamzoea Msellem na mizaha yake. Alimmiminia Bi Sharda maji katika kata, akampa kwa mikono miwili.

“Usimsikilize huyu, bi, hachoki kutania. Nilimuuliza, ‘Ni Ijumaa, kama kawaida?’ Akanishika bega, uso mzito kama kadhi: ‘La, sahibu. Ijumaa usije, hakuna safari. Njoo jumwa.’ Nilicheka mpaka nikakaa chini. Maana jumwa, bi, safari hii imeangukia Ijumaa.”