Vyumba Visivyo na Mtu

Mambo yaliharibika Ijumaa, tarehe kumi na nne ya mwezi wa tatu, saa tisa na nusu alasiri. Hilo hata wakubwa wa hospitali walilikubali, na kuwapata wakubwa watatu wakubaliane juu ya jambo moja si kazi ndogo.

Saa hiyo umeme wa stoo ya dawa ulizimwa. Friji ikanyamaza mpaka Jumatatu asubuhi, na dawa za saratani za wodi ya watoto zikaharibikia humo. Nyingine zilichukua wiki saba kufika. Chiriku hakuwa na wiki saba. Alikuwa na miaka saba, damu inayougua, na mdomo usiojua kufungwa, ndiyo maana wauguzi walimpa jina hilo. Wiki, alibakiwa nazo nne.

Uchunguzi ulianza haraka sana: baada ya miaka miwili tu.

Baba Chiriku alifika kabla ya wote. Akafungua mlango wa chumba cha mikutano, akafungua na madirisha, akatia saini karatasi ya mahudhurio polepole, kwa herufi kubwa kama za mtoto, kisha akakaa kiti cha nyuma. Mkewe alikufa Chiriku akiwa bado ananyonya. Kumwogesha, kumsuka, na baadaye kuokota nywele zake kwenye mto, yote yalikuwa kazi yake. Ndani ya mfuko wa shati alikuwa na karatasi iliyokunjwa mara nne. Kila baada ya muda aliigusa, kama mtu anayehakikisha moyo bado uko mahali pake.

Wakubwa wakaingia na chupa zao za maji. Mwenyekiti wa kamati, mama mmoja mwenye miwani aliyeletwa kutoka makao makuu, alikaa katikati. Taa ndefu ya dari ikaanza kupepesa. Baba Chiriku akapanda juu ya kiti, akaizungusha kidogo, ikatulia.

"Asante, fundi," mwenyekiti alisema bila kuinua macho.

Kisha mpira ukaanza kupigwa. Mganga Mkuu alisema dawa ikishaingia stoo, ni ya mtunza stoo. Mtunza stoo akasema yeye anatunza dawa, hatunzi umeme. Katibu wa hospitali akajifuta jasho.

"Mheshimiwa, kulikuwa na agizo la kubana matumizi. Kila Ijumaa, saa tisa na nusu, vyumba vyote visivyo na mtu vizimwe umeme."

"Na stoo ilikuwa na mtu?"

"Hapana, mheshimiwa. Ilikuwa na dawa."

"Agizo lilitoka kwa nani?"

"Lilitoka juu."

"Juu wapi?"

"Juu tu, mheshimiwa."

Wote wakatazama dari. Taa ilikuwa inawaka vizuri.

"Haya, nani alizima?"

"Mafundi watatu wa umeme walihojiwa. Hakuna anayekumbuka. Na daftari la zamu lina kurasa zote isipokuwa hiyo." Katibu alikohoa. "Tunadhani ni panya."

"Panya wasomi hao," Baba Chiriku alisema kutoka nyuma. "Wamekula Ijumaa, wakaruka Alhamisi."

Mganga Mkuu akamgeukia kwa ile sauti ya pole wanayofundishwa. "Ndugu yangu, uchungu wako tunaujua. Lakini mengine ni mapenzi ya Mungu."

"Kumbe na Mungu yumo kwenye orodha ya zamu?"

Mwenyekiti alivua miwani, akasugua macho. Alikuwa na safari ndefu ya kurudi. "Basi tuandike hitilafu ya friji, tufunge." Wakubwa wakashusha pumzi kwa pamoja. Ndiyo kazi ya kwanza waliyoifanya kwa ushirikiano tangu asubuhi.

Baba Chiriku akasimama. Miaka miwili alikuwa amewatukana watu hawa kila alipokaa: kwa kinyozi, kwenye foleni ya maji, hata kaburini. Alikuwa amejiandaa kwa kila uongo, ila huo haukumpitia akilini.

"Kwa hiyo mwanangu kauawa na friji," alisema. "Hakuna mtu. Chumba kisicho na mtu, na kosa lisilo na mtu."

Akaenda mpaka mezani, akaikunjua karatasi mbele ya mwenyekiti.

"Alichora yeye, jioni ya Ijumaa hiyo hiyo. Wodini hapakuwa na karatasi, nikampa niliyokuwa nayo mfukoni, niliyoichana kazini nikaitafutie saini."

Ilikuwa picha ya mwanamume mwenye miguu mirefu na meno mengi kuliko ya kawaida, ameinua mkono, kashika kitu cha mviringo kinachotoa miale ya njano.

"Maskini," mwenyekiti alisema kwa sauti ya chini. "Kamchora baba yake ameshika jua."

"Si jua, mama. Ni balbu."

Katibu akaanza kukusanya makaratasi yake.

"Igeuze," Baba Chiriku alisema.

Mwenyekiti akaigeuza. Upande wa pili ulikuwa ukurasa wa daftari la zamu, wenye mistari iliyopigwa kwa rula. *Ijumaa, tarehe 14. Saa tisa na nusu. Vyumba visivyo na mtu: vinane, pamoja na stoo ya dawa. Aliyezima:* na hapo palikuwa na saini ya herufi kubwa, kama za mtoto. Mwenyekiti akavuta karatasi ya mahudhurio, akaziweka sambamba, akatazama huku na huku mara tatu.

"Pangu nimejaza," fundi wa umeme alisema, akaweka kidole mstari mmoja chini ya saini yake. "Sasa hapa, palipoandikwa 'Aliyeagiza', mbona mpaka leo pako wazi?"