Jina Lina Mwenyewe

"Mpe jina la baba yake, la sivyo hatoki humu ndani," Soazig alisema, akimkumbatia mtoto kwa nguvu.

Mzee Fañch, baba mkwe wake, alisimama mlangoni na koti lake la kanisani. Kisiwani Molenez mama mzazi haendi ubatizoni. Hubaki kitandani akingoja kuambiwa amemzaa nani. Jina hutoka kwa baba wa ubatizo, na safari hii alikuwa yeye Fañch.

"Tangi! Unaijua maana yake, mkwe? Wazee waliunganisha moto na mbwa. Mbwa wa moto! Unataka mjukuu wangu abweke?"

"Mbwa kwao alikuwa shujaa. Ulinieleza mwenyewe siku ya arusi, umelewa chakari."

Naig, wifi yake, akaangua kicheko. Mzee hakucheka.

"Jina hilo lina mwenyewe, na kwetu jina haligawanywi. Mwanangu nilimpa baada ya kumzika baba yangu aliyekuwa nalo, si kabla. Huyu ni Goulven. Basi."

Soazig akageukia dirishani. Mbali, juu ya mwamba uliozungukwa na maji, ulisimama mnara wa taa. Mumewe alikuwa huko akiwawashia mabaharia moto, na dhoruba ilikuwa imezuia mashua ya zamu tangu mwezi uliopita.

"Taa yake naiona kila usiku, baba, lakini nyumba imepoa. Nataka niite Tangi, mtu aitike."

Sauti ya mzee ikalainika. "Leo bahari imetulia. Mashua imeshamfuata. Tukibahatika tutakutana naye gatini. Jioni utamwita mwenyewe, mpaka akuchoke."

Soazig akailegeza mikono yake. Mzee akamchukua mtoto, wakaenda kanisani na Naig.

Keki ya siagi ilibaki mezani, ingali ya moto. Soazig alitega sikio asikie kengele za furaha zinazopigwa mtoto akishabatizwa. Hazikulia. Akadhani mpiga kengele amelewa tena.

Alfajiri alikuwa amemchania Naig nywele, wakapanga nani ataketi wapi mezani. Sasa alijichania zake, haraka haraka, kwa ajili ya mumewe.

Hatimaye alisikia nyayo za watu wengi uani, lakini hakusikia maneno. Naig aliingia kwanza. Hakumtazama. Akaifunika keki kwa kitambaa.

Mzee alifuata, kofia mkononi. Akapiga magoti kando ya kitanda, akamlaza mtoto kifuani pa mama yake.

"Mwite, mwanangu," alisema. "Anaitwa Tangi."