Siku Faru Lilipogoma

"Likinguruma leo, mimi naota mkia," alisema Mikaeli kwa sauti ya kukwaruza, akajiburuza tena chini ya gari.

Alikuwa amelala chali juu ya turubai tangu saa mbili asubuhi, spana mkononi, chupa ya chai ya tangawizi ubavuni. Nje ya magurudumu aliona miguu tu: kandambili, raba, viatu vya kanisani. Nusu ya Mwembesongo ilikuwa pale uwanjani, na waliotoka Dakawa walikuwa bado wanamiminika. Wote wamekuja kulisikia Faru.

Faru ni lile gari kuukuu la kijani la kwenye tamthilia ya Jumapili, linalowafukuza majangili milimani Uluguru. Hakuna asiyelijua. Likianza kunguruma tu, hata halijatokea kwenye kioo, watoto wanaacha chakula. Miaka sita sasa watu wanapiga picha na Faru, wanavaa fulana za Faru, wanawapa majogoo yao jina la Faru. Fundi wake hajawahi kuombwa hata picha moja. Jambo hilo lilimkera Mikaeli siku zote, na leo lilimkera maradufu.

Jesca, msimamizi wa onyesho, aliinama kuchungulia. "Mika, vipi? Saa nne hiyo."

"Nimekwambia tangu juzi. Ahirisheni."

"Nitawaahirishaje watu wote hawa? Mara moja tu, Mika. Moja!" Akamsogezea chupa ya maji ya barafu.

Mikaeli akaisukuma. "Unataka kuniua?"

Umati angeweza kuuvumilia. Umati utazomea, utanunua mihogo ya kukaanga, utakwenda zake. Kilichomtesa ni jozi moja ya viatu vyeusi, vimepigwa kiwi mpaka vinang'aa, vimesimama pembeni vikisubiri. Viatu vya baba yake.

Mzee Laurenti aliendesha lori la miwa kule Turiani miaka thelathini. Mwaka ule Mikaeli alipofukuzwa chuo cha ufundi, mzee alimwambia mbele ya wageni, "Wewe unajua kupiga kelele tu." Tangu siku hiyo hakuwahi kukanyaga mahali mwanawe alipofanya kazi. Leo kaja, na magoti yake mabovu, kwa basi la alfajiri, kwa sababu amesikia kwamba fundi wa Faru ni mtoto wake. Mikaeli alitaka kitu kimoja tu: mzee arudi Turiani akawaambie wenzake kuwa kazaa fundi. Na siku yenyewe ndiyo hii.

"Shikamoo, baba," alisema kutoka kule chini.

"Marahaba. Ni pampu?"

"Si pampu."

"Betri?"

"Betri nzima."

"Kuna kitu huwa najiuliza. Kwenye televisheni, mbona naliona likiteremka tu? Sijaliona hata siku moja likipanda mlima."

"Ndivyo wanavyopenda kupiga picha zao, baba."

"Hm. Lakini mlio ni wa lori langu lile lile. Hata pale pa kuingiza gia ya tatu, linavyosita. Hebu niweke mkono kwenye boneti."

"Usiguse boneti!"

Mikaeli alipayuka mpaka koo likamchoma. Madereva wa zamani huujua ugonjwa wa injini kwa kiganja, bila kufungua hata skrubu, na baba yake alikuwa hodari wao.

Umati ulianza kupiga makofi ya kudai. Faru! Faru! Makofi yakageuka miluzi. Mtu mmoja akapaza sauti kwamba fundi mwenyewe ni kanjanja, na wengine wakacheka. Vile viatu vyeusi vikasogea hatua mbili, vikasimama katikati ya gari na watu.

Mikaeli akafumba macho. Ugonjwa ulipo alipajua tangu juzi, na alijua kwamba spana si dawa yake. Akaiweka chini. Akamaliza tangawizi yote iliyobaki, akaunganisha waya, akafanya ishara ya msalaba.

Faru likakohoa. Uwanja ukanyamaza. Likakohoa tena, likakwaruza, kisha likashika, na ngurumo ile nzito inayojulikana nchi nzima ikatambaa mpaka kwenye nyayo za watu. Gia ya kwanza. Watoto wakaruka. Ya pili. Wanawake wakapiga vigelegele. Likaanza kuitafuta ya tatu, likasita, likapasuka katikati, likakata.

Kisha mtu akazomea, na mwingine, na upande wote wa goli ukadakia.

Juu yake Mikaeli alisikia kiganja kikitua kwenye boneti. Kilikaa hapo muda mrefu. Alitamani ardhi ipasuke immeze na gari lake.

Halafu magoti mabovu yakapiga chini, kwanza moja, kisha la pili. Uso wa mzee ukachungulia kati ya magurudumu, ukamkuta mwanawe amelala chali chini ya boneti tupu, macho yamemtoka, maikrofoni mdomoni.

"Vuta pumzi kabla ya gia ya tatu," mzee alinong'ona. "Tangu utotoni, hapo ndipo unapokwama."

Akainuka taratibu, akajikung'uta vumbi, akaugeukia umati.

"Fundi anaomba maji," alisema. "Ya uvuguvugu. Injini hii haipendi ya baridi."