Ndege Kileleni mwa Bua

"Usimkodolee macho hivyo," Yanaba alimnong'oneza mumewe. "Utamtetemesha mganga wa watu!"

Hoskie hakubandua macho. Leland alikuwa amepiga magoti katikati ya nyumba, mchanga mweusi ukimchuruzika vidoleni, akichora sakafuni picha ya kumponya mgonjwa. Kijana mno, ndevu zenyewe bado! Lakini waganga waliozijua picha zote wameshafariki, na Dezba, binti yao wa pekee, alikuwa hali wala halali tangu majira ya baridi. Hospitali wamekwenda mpaka wamechoka. Na picha ya mchanga ikikosewa, ugonjwa hautoki, unazidi. Hilo Hoskie alilijua tangu utotoni, akiketi kando ya baba yake, mganga aliyesifika bonde zima.

Asubuhi alikuwa amemuuliza kijana, "Nani alikufundisha, mwanangu?"

"Babu, kabla hajatuacha. Kidogo tu. Mengine nimejitafutia." Leland akacheka kwa haya. "Kazi zako nazijua, mzee. Kila nikipita barabara kuu lazima nisimame kibandani kwako."

"Zile mbao za picha za mchanga, za kuuzia watalii? Achana nazo wewe, za kupamba ukuta tu zile."

Sasa bua la mahindi lilikuwa limeshachorwa kwa mchanga, na Watukufu wawili, roho za uponyaji, ubavuni mwake. Upinde wa mvua ukazunguka pande tatu, ukaacha wazi mashariki, kunakoelekea mlango. Hoskie alikagua mstari kwa mstari, moyo juu juu. Hakuona kosa. Kijana anajua, jamani!

Yanaba akamfinya kiganja. "Hebu ona, Baba Dezba. Utadhani umechora wewe."

Hoskie akacheka kidogo, machozi yakimlenga.

Leland akachota mchanga wa bluu, akamweka ndege kileleni mwa bua, mdomo umeelekea magharibi. Kisha akamwita mgonjwa aje aketi juu ya picha. Dezba akajikokota, akaketi, akamtazama baba yake na kutabasamu kwa mara ya kwanza tangu baridi.

Ndege wa baba yake Hoskie alitazama mashariki, mlangoni. Huyu wa kutazama magharibi Hoskie alimbuni mwenyewe, akamchora kwenye kila ubao aliouza, ili dua ya kweli isiuzwe barabarani.