Sanduku la Papa Télesphore

Karatasi ya kwanza ilisema: "Patron apunguze makelele ya asubuhi. Vichwa vinatuuma."

Papa Télesphore, patron mwenyewe, yaani bosi, aliisoma mara mbili, peke yake katika atelier yake ya ushonaji, mtaani Kadutu. Ilimuuma, lakini alikuwa ameyataka mwenyewe. Mafundi watatu walikuwa wamemkimbia tangu Pasaka, na sare mia nne za wanafunzi zilikuwa zinangoja. Hao watano waliobaki nao wakiondoka, angeshona na nani? Ndugu yake wa Goma ndiye aliyemshauri kwa simu: weka sanduku la maoni, uwasikilize watu wako.

Basi akaagiza sanduku kwa seremala, akaliandika kwa herufi kubwa: WEKA SHIDA YAKO HAPA. JINA SI LAZIMA. Kisha akaenda zake Kavumu kufuata vitambaa. Hakuitisha mkutano, kwani hakuwa mtu wa maelezo. Seremala akalitundika palipokuwa na nafasi, chini ya kalenda ya mwaka jana na picha ya Mtakatifu Antoni.

Kila Jumamosi, watu wakishatoka, Papa Télesphore alilifungua kwa ufunguo wake. "Kiti ya Maman Rosette iko na muguu mufupi." Akakitengenezesha. "Tupate chai saa ine, hata bila sukari." Akaleta chai, na sukari juu. "Patron hajue hata majina yetu." Hiyo ilimchoma kweli. Usiku kucha akakariri kama mtoto wa katekisimu: Rosette, Lucie, Feza, Mireille, Patrice.

Kilichomshangaza ni adabu yao. Hakuna aliyemwandikia moja kwa moja. Wote walimsema kana kwamba hayupo. Maman Rosette, fundi mkongwe, hakutumbukiza karatasi bila kupiga ishara ya msalaba. Kumbe wananiogopa hivi, akawaza, na huruma ikamshika. Umeme ulipokatika, wakawasha mshumaa wakauweka chini ya sanduku, cherehani zikabaki gizani. Aliwaona wajinga, lakini akanyamaza, asije akapiga makelele tena.

Mwezi haukuisha, atelier ikageuka. Watu waliwahi kazini, wakashona huku wanaimba, na sare zikakamilika siku tatu kabla shule hazijafunguliwa. Hakuna aliyeondoka. Papa Télesphore alifurahi hadi usingizini, ila kitu kimoja kilimkereketa: hakuna hata mmoja aliyemwambia asante. Labda wanaona haya, akajifariji. Labda wameiandika.

Jumamosi akafungua sanduku. Mlikuwa na karatasi moja tu, yenye sahihi za wote watano. Akavaa miwani, tabasamu tayari usoni.

"Mutakatifu Antoni, aksanti sana. Yote tuliyokuomba umetupatia. Inabakia kimoja tu, na tunajua ni kigumu: umugeuze patron roho, siku moja na yeye atuulize mawazo yetu."